Kwenda Lamu ni rahisi, kurudi je? Jibu kwa msomaji mwenye yoti na likizo ya wiki sita

Swali: "Shikamoo nahodha. Mimi na mume wangu tuna yoti ndogo ya futi 28, tumeinunua mwaka jana, iko Dar. Tuna watoto wawili, miaka 9 na 12, likizo yao ndefu inaanza mwisho wa Juni na tuna wiki sita. Tunataka kwenda mdogomdogo mpaka Lamu, tupitie kwa marafiki Unguja, Wete, Tanga na Kilifi, tutembee na nchi kavu, alafu turudi Dar kabla shule hazijafunguliwa. Wenyeji wetu tumeshawaambia tarehe za kufika kila kituo. Ratiba inawezekana? Na huko nchi kavu tusikose nini?"

Marahaba mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, ya kwanza nikafurahi, ya pili nikafika kwenye hilo neno "tarehe" nikaweka kikombe chini. Nitarudi hapo. Kwanza jibu fupi: kwenda Lamu mnaweza, tena kwa raha zenu. Kurudi ndo hamuwezi, si kwa tanga, si mwezi wa saba, na watoto ndani. Wazee walisema mwenda tezi na omo marejeo ngamani, sasa nyie mmepanga tezi na omo, nyuma na mbele ya chombo, vizuri sana ila ngama, tumbo lake mnakorudi, mmeisahau.

Hesabu yenyewe hii hapa. Mwisho wa Juni mpaka katikati ya Agosti ni kusi lenyewe, halina utani. Upepo unatoka kusini mashariki, siku za kawaida noti 15 mpaka 20, siku likiamka vibaya 25 na kuendelea. Chini ya huo upepo kuna mkondo wa bahari unaokwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unakazana, nje ya miamba unaweza kukuta noti 3 hata 4. Noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa. Yoti ya futi 28 ikienda vizuri inapiga noti 5. Ukiwa unapanda upepo lazima uende kwa bisho, mara kulia mara kushoto, kwahiyo katika hizo 5 unazosogea kweli mbele ni kama 3 na nusu. Toa mkondo wa noti 3. Unabaki na nusu. Saa 24 umesogea maili 12, watoto wametapika, vyombo vimevunjika, na jioni unaiona minazi ileile uliyoiacha asubuhi. Lamu mpaka Malindi peke yake ni kama maili 75. Piga mwenyewe.

Ndo maana majahazi ya Arabuni yalikuja huku na kaskazi na kurudi na kusi, safari moja kwa mwaka, na hapo ni watu waliozaliwa chomboni. Hawakuwa wavivu, walijua tu kwamba upepo ni njia ya upande mmoja.

Sasa mna mambo mawili ya kuchagua. La kwanza, nendeni kwa tanga mpaka Kilifi tu, chombo mkiache hapo kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, mahali pazuri sana pa kuacha chombo, wenye mayoti wengi wanafanya hivyo, nyie Lamu mwende na basi na Dar mrudi na basi, alafu Desemba au Januari kaskazi likishika mumeo aje na mtu mmoja anayejua wakiteremshe. Inagharimu, na inataka makaratasi ya forodha ya kukiacha chombo nchi nyingine, muulizie kabisa kabla hamjaondoka. La pili, ndo ninalowashauri mimi: isahauni Lamu mwaka huu, Kilifi mwende na basi, na kwa tanga mfanye duara, Dar, Unguja, Pemba, Tanga, Pangani, mrudi kwa ndani. Ni karibu maili 300 zote kwa jumla. Kwa wiki sita mtasafiri siku kumi na mbili hivi, siku thelathini zilizobaki mtakula, mtalala, mtaogelea na kupiga soga na watu. Si ndo mlichokitaka?

Haya, tarehe. Miaka ya nyuma huko nilikuwa na chombo changu cha futi 30, nikamwambia rafiki yangu mmoja wa Pemba, Jumamosi adhuhuri niko kwako inshallah. Ile "inshallah" mimi niliisema kwa mdomo tu, yeye akaichukua ile "Jumamosi". Ijumaa tuko Nungwi, kusi linavuma mpaka minazi inalala. Baharia wangu, kijana wa Kitumbatu, akaniambia mzee leo na kesho hapaendwi. Jumamosi asubuhi simu inaingia, mke wa rafiki yangu anauliza tunapenda pilau ya kuku au ya nyama. Kuku wameshachinjwa. Sasa mimi na aibu yangu nikang'oa nanga. Maili sita tu nje tanga kubwa likachanika kutoka chini mpaka juu, mlio wake kama mtu anachana bafta dukani, tukakaa masaa tunahangaika na kitambaa kinatupiga usoni, tukafika Mkoani usiku na injini inakohoa. Pilau tuliila Jumapili, imepashwa. Na rafiki yangu alikasirika kweli, ila si kwa kuchelewa. Alikasirika kwamba nilitoka.

Kwahiyo leo hii pigeni simu kwa wenyeji wote wanne, mfute tarehe. Mwenyeji mwambie mwezi, au mwambie "wiki ya pili au ya tatu ya Julai", siku atajulishwa ukiwa umeshatia nanga. Mtu wa pwani anaelewa hilo kuliko mtu yeyote, babu yake alikuwa anangojewa miezi. Wa Dar ndo hatuelewi siku hizi sababu ya boti ziendazo kasi, tunadhani bahari ni Morogoro Road.

Sasa njia yenyewe.

Dar mpaka Mji Mkongwe ni kama maili 40. Tokeni baada ya alfajiri, kusi litakuwa linawasukuma kwa nyuma upande wa kulia, upepo mtamu huo, saa nane chombo kiko Unguja. Punguzeni tanga mapema, usingoje mpaka uone unahitaji kupunguza. Alafu angalieni boti za abiria, zinakuja kasi na mawimbi yake yatawamwagia chai. Mkifika pigeni hodi bandarini na Uhamiaji, Zanzibar wana utaratibu wao hata kama umetoka Bara na wewe ni Mtanzania, mkiwa na kadi ya usajili wa chombo, vyeti vya ukaguzi na vitambulisho vyenu ni suala la asubuhi moja. Na baharini KMKM, kile kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, wakiwasogelea punguzeni mwendo, salimianeni, waonyesheni karatasi, wana kazi yao ya magendo, hawana shida na familia.

Mji Mkongwe wenyewe sitakuelezea, marafiki zenu wapo watawatembeza. Mtaona tu Beit al-Ajaib, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, inauma moyo kuitazama kutoka baharini, ilikuwa ndo alama yetu ya kuingilia. Watoto wapelekeni kisiwa cha Changuu wakaone kobe wakubwa waliotoka Shelisheli, nendeni na kidau chenu asubuhi kabla watalii hawajajaa. Na kama mtakuwa bado mpo Unguja wiki ya tatu au ya nne ya Julai, ulizeni siku ya Mwaka Kogwa Makunduchi. Chombo kiacheni mjini, pandeni daladala. Wanaume wanachapana kwa migomba wamalize ugomvi wa mwaka mzima, kibanda kinachomwa moto, kinamama wanaimba, na mgeni kula siku ile ni lazima, kuna wanaoamini nyumba isiyopata mgeni siku hiyo ina mkosi. Mtoto wa miaka 9 hatoisahau.

Kutoka mjini mkipanda na pwani ya magharibi bahari inatulia, kisiwa kinawakinga. Wengi wanakimbilia Nungwi moja kwa moja, mimi nawaambia simameni Tumbatu kwanza, kati ya kisiwa na Mkokotoni, maji ni machache ila yametulia kama sahani. Watumbatu ni mabaharia, usimpite Mtumbatu bila kumuuliza habari za upepo. Kisiwani kule upande wa Jongowe kuna magofu ya mji wa zamani, msikiti uko ukingoni kabisa mwa bahari. Msishuke tu kama mnashuka ufukwe wa hoteli. Ulizeni kwa sheha, mwambieni mmetokea wapi, jifunikeni, na yule atakayewaongoza mpeni chochote.

Nungwi kuna makelele ya baa siku hizi lakini upande wa mnara wa taa bado wanaunda vyombo pale mchangani. Kaeni pale saa nzima, msipige picha kwanza. Fundi hana mchoro, jicho lake ndo mchoro. Anatoboa kwa keekee, ile ya kuvuta kwa uta, mbao inatoa vumbi jekundu, kijana mwingine anakalafati, anasindilia pamba yenye mafuta kwenye kila mwanya, tak tak tak, na mzee mmoja hafanyi kitu chochote ila akisikia mlio umebadilika anainua kichwa. Anasikia kwa sikio mahali pamba haijashika. Mimi nimekaa baharini miaka thelathini na mlio huo kwangu ni mmoja tu.

Sasa Nungwi kwenda Mkoani, kama maili 30, ndo kipande pekee cha safari yenu cha kuogopa, nasema kuogopa sio kuheshimu. Ukitoka tu kwenye kivuli cha Unguja kusi linakushika ubavuni, chini panaporomoka, mkondo unakubeba kaskazini. Elekezeni omo juu zaidi ya mnakotaka kwenda, kusini zaidi, mkondo utawarudisha. Subirini siku ya noti 12 mpaka 15, hata kama ni siku nne mnangoja. TMA, wale wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa utabiri wa bahari, wakitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi ya zaidi ya mita 2, siku hiyo ni ya karata. Na mjue kwamba watu wa Pemba na Unguja mkondo huu umewachukulia ndugu, msiba wa Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama, bado uko ndani ya nyumba nyingi, kwahiyo mwenyeji wenu wa Wete akipiga simu mara kumi siku hiyo msimuone msumbufu. Pokeeni. Au mwachieni ujumbe kila baada ya saa.

Mkishaingia upande wa magharibi wa Pemba mmefika peponi, na hapa ndo nataka mmalize wiki mbili nzima. Kisiwa kina urefu wa kilometa 67 hivi na upande huo wote umekatikakatika, mahori, visiwa, mikoko, kila jioni mnaweza kulala mahali tofauti bila kusafiri zaidi ya saa tatu. Ila kuingia kwenye milango ya miamba kuna sheria zake na sheria ni maji. Kwetu maji yanapanda na kushuka mpaka mita 4 wakati wa bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Na bamvua ina saa zake, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanajaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na yanakupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Ukitokea magharibi kuingia Pemba mchana wa saa nane siku ya bamvua una vitu viwili kwa pamoja: maji yanapanda, kwahiyo ukigusa yatakuinua, na jua liko mgongoni, kwahiyo mwamba unauona, kahawia ni mwamba, kijani ni mchanga, buluu pita. Mtoto wa miaka 12 mpandisheni mbele na miwani ya jua, atakuwa baharia wenu bora kuliko hiyo jipiesi, maana ramani za kwenye simu huko ndani ya mahori msiziamini sana.

Kosa ni pale pa kutia nanga. Nilishawahi kuingia hori moja karibu na Wete saa kumi jioni, bamvua, maji yamefurika mpaka kwenye majani ya mikoko, nikatia nanga nikajisifu. Saa tatu usiku kikombe cha chai kikaanza kutembea mezani chenyewe. Taratibu. Kikafika ukingoni kikaanguka. Saa nne tulikuwa tumelala ubavu kwenye tope, tumepwelewa, na wakapita kinamama na vijana na taa zao wanatafuta pweza, wakatukuta tumekaa juu ya ubavu wa chombo kama kunguru. Mmoja akatusalimia kwa adabu kabisa, "mwatafuta pweza na nyie?" Nililijibu swali lile kwa miaka kumi kila nikipita Wete. Kwahiyo ukitia nanga wakati maji yamejaa, pima kina, toa mita 4, ndo ujue utalala wapi.

Nchi kavu ya Pemba. Misali kwanza, kisiwa kidogo magharibi ya Chake, ni hifadhi, mtalipa ada, na kuna sheria zake za kuvua na kutia nanga, msitupe nanga juu ya matumbawe. Maji yake ni kama kioo. Wazee wanasimulia Nabii Khidhr alitaka kuswali pale, akaomba msala, hapakuwa na msala, akasema basi kisiwa chenyewe ndo msala wangu, maana kimeelekea Makka. Wavuvi bado wanaswali pale. Ras Mkumbuu, kwenye ncha ya ile rasi ndefu, kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo ndani ya mashamba, na kwa chombo ndo njia rahisi ya kufika kuliko gari. Mkiwa Wete mkitazama ng'ambo mtaiona Mtambwe Mkuu, pamekaa kimya tu, ila mwaka 1984 walichimbua pale sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za miaka karibu elfu iliyopita. Mwambie mwanao aangalie ile mikoko akijua hilo. Msitu wa Ngezi uko kaskazini kabisa, nendeni na gari ya mwenyeji wenu, mkaone popo wa Pemba, mkubwa kama mbweha mwenye mabawa, hapatikani kwengine duniani.

Na karafuu. Julai mavuno yanaanza, mkifika mwisho wa mwezi mtakuta majamvi barabarani, yamejaa karafuu zinaanikwa, harufu unaipata ukiwa bado baharini jioni upepo ukigeuka kutoka nchi kavu. Nawaambia jambo moja tu hapo: mtu akiwaomba mumbebee gunia, hata kagunia kadogo, mpaka Tanga au Shimoni ya Kenya, kataeni. Awe ndugu, awe shemeji. Karafuu Zanzibar inauzwa serikalini tu, magendo ya karafuu ni kesi kubwa, na chombo chenu kinataifishwa mkiwa mnacheka.

Kwa mwenyeji msiende mikono mitupu, nyie mmetoka Dar. Chukueni vitu vya kawaida, majani ya chai mazuri, kanga jozi mbili tatu zenye jina la kupendeza, someni jina kabla ya kununua, si umpe mama mwenye nyumba kanga ya mafumbo ya uke wenza alafu mkae mnashangaa kwanini chai imekuja baridi. Mtaambiwa mlale nyumbani. Laleni usiku mmoja, kukataa kabisa ni dharau, alafu mrudi chomboni kwa kisingizio cha nanga. Nanga ni kisingizio kizuri sana, hakuna anayekibishia. Na siku moja wachukueni wao muwatembeze, familia nzima, na muwaachie usukani, maana uwezekano mkubwa mzee wa nyumba anajua zaidi yenu. Mimi bibi mmoja wa hukohuko alikaa nyuma na buibui lake, hakusema neno, tumefika katikati akasema tu "tanga lenu lalia", nikaangalia kweli kamba ilikuwa haijavutwa, tanga linapigapiga. Nikavuta. Likanyamaza.

Wete mpaka Tanga maili 37, mkondo wa Pemba, kina cha kama mita 800 katikati, pomboo mara nyingi wanakuja kucheza mbele. Hapa ni kinyume cha kuingia Pemba, mnakwenda magharibi, kwahiyo mngefika asubuhi jua liko mgongoni, ila hiyo ina maana ya kusafiri usiku kucha na mimi kwa watoto sitaki. Tokeni mapema sana, saa kumi alfajiri, mfike kabla ya saa saba mchana jua halijawaingia machoni. Lango la Tanga ni pana na lina alama, msihofu.

Tanga mtapumzika. Mji uko taratibu, baiskeli nyingi, barabara za miti. Mapango ya Amboni yako kilometa nane hivi kaskazini ya mji, chukueni tochi zenu wenyewe. Tongoni, kusini, makaburi ya nguzo na msikiti ulioanguka, nusu siku. Mtoto akipenda hadithi za vita mwambie ya Novemba 1914, Waingereza walileta jeshi kutoka India waiteke Tanga, wakapigwa na Wajerumani na askari wao Waafrika, na katikati ya mapigano nyuki wakatoka mizingani wakawavamia watu. Waliondoka baada ya siku tatu wakiacha bunduki na risasi ufukweni. Hapo hapo Tanga ndo mchukue basi la kwenda Kilifi, mvuke mpaka Horohoro na Lunga Lunga, Mombasa mlale, watoto waione Fort Jesus ya Wareno, walianza kuijenga 1593, kesho yake matatu mpaka Kilifi. Pasi mkononi, na watoto pia. Chombo mtafutie mlinzi mnayemwamini, kaeni siku nne tano, rudini.

Kurudi sasa. Mtakuwa mwisho wa Julai kuingia Agosti. Kusi bado lipo ila linaanza kulegea kuelekea demani, msimu wa upepo laini. Siri ni umande, ule upepo wa nchi kavu wa alfajiri. Usiku pwani inapoa, kusi linasinzia karibu na nchi, kuanzia saa tisa au kumi usiku mpaka saa tatu nne asubuhi bahari ya ndani inatulia, mnawasha injini, mnaenda karibu na pwani ambako mkondo hauna nguvu, saa nne mmetia nanga, mchana kutwa kusi livume litakavyo nyie mnakula machungwa. Vipande vyenyewe ni vifupi makusudi. Tanga mpaka Pangani maili 25, lakini msiingie mtoni bila mwenyeji, mdomo wa mto una fungu na mawimbi yanavunjika pale, tieni nanga nje mtulie. Kuna fungu la Maziwe hapo, mchanga tu unaofunikwa maji yakijaa, zamani lilikuwa na miti, kasa wanataga pale. Pangani mpaka Tumbatu maili 26 kuvuka, huko ni uso kwa uso na upepo kabisa, kwahiyo chagueni siku ya utulivu na injini, kama haipo ngojeni. Tumbatu, mjini tena, mpite kwa marafiki mmalize soga. Alafu msirudi Dar moja kwa moja! Maili 40 za kula kusi usoni za nini. Kateni kwenda Bagamoyo, maili 23, upepo utakuwa wa ubavuni, chombo kinakwenda chenyewe. Bagamoyo ni kina kifupi mno, mtatia nanga mbali na mtatembea kwenye maji mpaka mapajani, ndo raha yake. Magofu ya Kaole, misheni, samaki wa kukaanga pale sokoni. Kutoka hapo mnaifuata pwani kwa umande mpaka Mbudya, mnalala nyuma ya kisiwa, na siku ya mwisho mnaingia Msasani saa mbili asubuhi kama mmetoka kuvua.

Hii ya kurudi wekeeni wiki mbili kamili. Mkiitumia wiki moja, nyingine mtakaa Mbudya.

Vitu vidogo vya mwisho. Laifu jaketi za watoto zivaliwe muda wote chombo kikitembea, hakuna mjadala, na usiku mtu mzima naye ajifunge kamba. Maji ya kunywa lita 100 angalau, kisima cha kijijini ombeni, msichote tu. Dizeli jazeni Tanga kabla ya kurudi maana hapo ndo injini itafanya kazi. Tangawizi ya kutafuna kwa kichefuchefu, nguo moja ya joto, watu wanacheka nikisema baridi lakini alfajiri ya Julai ukiwa umelowa utanikumbuka. Redio ya VHF iwe wazi chaneli 16, ile ya kuombea msaada. Na machungwa, mkiwa Tanga ni msimu, yanashuka kutoka Muheza, nunueni gunia, msinunue kilo. Lining'inizeni nyuma kwenye kivuli, mtakuwa mnamenya mpaka Bagamoyo.